Mahali Pasipo na Miti

Jambo la kwanza lililomjia Dilsara ni kwamba amekosea hesabu, na aliomba iwe hivyo.

Alikuwa ameketi barazani kwa mama yake, kompyuta juu ya gunia la viazi, mvua ya Saun, mwezi wa kilele cha masika, ikichuruzika kutoka kwenye paa la mawe. Kwenye kioo ulikuwapo msitu wa Bhirkuna, umegeuka nukta tupu. Kila nukta ilikuwa msonobari mmoja ambao yeye na wenzake waliuzungushia utepe usawa wa kifua, wakaupima urefu kwa kipimo cha pembe, wakaenda kwa mwingine. Kazi yenyewe haikuwa na kitisho chochote. Ofisi ya misitu ilitaka kujua msitu ule unaongeza mbao kiasi gani kila mwaka, ili kamati ya kijiji ijue ikate kiasi gani bila kuumaliza. Huwezi kupima kila mti mpaka kileleni, kwa hiyo unaipima michache, unatengeneza mlinganyo, na tangu hapo ukiwa na unene wa mti, mlinganyo unakukisia urefu wake. Haukisii sawasawa. Mti huu utazidi makisio kidogo, ule utapungua kidogo, na makosa hayo hutawanyika huku na huko kama ulezi uliomwagika uani. Yakitawanyika hivyo, mtu wa takwimu hulala usingizi wake.

Makosa ya Bhirkuna hayakutawanyika. Alikuwa ameyapaka rangi, buluu kwa miti iliyozidi makisio na nyekundu kwa iliyopungua, na zile nyekundu zilijipanga mkanda mmoja, zikaukata mlima kutoka upande huu hadi ule kama kovu tumboni mwa mtu. Juu ya mkanda rangi zilichanganyika. Chini yake zilichanganyika pia. Na chini kabisa, nukta zinapokoma, palikuwa na barabara mpya, halafu paa za mawe za kijiji, mojawapo ikiwa ile iliyomfunika yeye saa ile.

Alirudia hesabu kwa mlinganyo mwingine. Akaondoa miti aliyoitilia shaka. Mkanda ulibaki palepale.

"Unakodolea nini tangu asubuhi?" mama yake, Manrupa, aliuliza kutoka jikoni. "Ugali umeshakuwa jiwe."

"Nakuja, Mama."

"Nakuja yako ya mjini Pokhara hiyo. Huku kwetu mtu akisema nakuja, anaonekana."

Hakuonekana. Alikuwa anatazama miti ile mifupi kwa unene wake, na alikuwa anajua msonobari hufanya nini ukilazimishwa kuinama. Hunenepa upande wa bondeni ili ujikaze usianguke, na kilele chake hubaki nyuma. Mti mmoja ukiinama utasema ni upepo, au mzigo wa theluji. Mkanda mzima ukiinama pamoja, miti haina kosa. Ni ardhi iliyo chini yake inayokwenda.



*

Alimchukua mjomba wake Narjang, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa kamati ya msitu na kwa kuwa hakutaka kwenda msituni peke yake. Narjang alikuwa mtu mnene, mwenye maneno mengi na mwavuli mweusi uliovunjika mbavu moja. Barabara ile iliyopita chini ya msitu ilikuwa yake. Yaani si mali yake, ila ndiye aliyeipigania miaka na miaka, akalala kwenye veranda za ofisi za watu, mpaka tingatinga likapanda kutoka bondeni na kuukata mguu wa mlima. Kabla ya hapo mjamzito aliyeshindwa kujifungua alitelemshwa mgongoni mwa mtu, ndani ya kapu, na mke wa Narjang mwenyewe alifia ndani ya kapu hilo. Hakuna aliyethubutu kuisema vibaya barabara mbele yake.

"Sasa tunakwenda kuutoboa mti ili tuuulize habari," alisema wakipanda, akihema. "Mimi nilidhani shule umesomea miti, kumbe umesomea uganga."

"Shika mwavuli, Mjomba. Maneno yatakumaliza pumzi."

Waliingia ndani ya mkanda. Ukisimama pale huoni kitu cha ajabu, misonobari tu na ukungu, na sindano zake zimelala chini kama zulia. Dilsara akatoa kekee yake, akaikandamiza kwenye shina upande wa bondeni, akaizungusha mpaka mikono ikamuuma. Kilichotoka ni kijiti cha mti chembamba kama penseli, kina pete za miaka, mwaka mmoja pete moja. Akatoboa pia upande wa mlimani, akaviweka vijiti viwili pamoja kiganjani.

Pete za ndani zililingana. Kisha, ukikaribia ganda, za upande wa bondeni zilinenepa ghafla, zikawa nyekundu-nyekundu kama kutu, na za upande wa mlimani zikabanwa mpaka zikawa kama nyuzi.

"Hii nene ya kwanza ni ya mwaka gani?" Narjang aliuliza. Utani ulikuwa umemtoka.

Dilsara alihesabu kutoka kwenye ganda kurudi ndani. Akarudia kuhesabu.

"Nimekuuliza, mwanangu."

"Ni mwaka lile tingatinga lilipokuja, Mjomba."

Mti wa pili ulisema hayohayo, na kila uliofuata. Alikuwa anauendea mwingine tena pale mguu wake ulipopita ndani ya zulia la sindano kana kwamba hapakuwa na kitu chini. Alizama mpaka paja. Hakupiga kelele, pumzi ya kupigia kelele hakuwa nayo. Alichohisi ni baridi, upepo mwembamba unaomgusa unyayo kutoka chini, kutoka mahali ambapo upepo haupaswi kuwapo. Narjang alimkamata kwapani akamvuta. Kisha akapiga magoti, akafagia sindano kwa mikono, na ufa ukajitokeza, mweusi, ukipinda pamoja na mlima kuelekea kulia na kushoto mpaka ukapotea ukunguni. Aliuteremshia mwavuli wake wote, mkono mzima ukaingia mpaka begani, na ncha ya mwavuli haikugusa kitu.

 Walipofika barabarani wakirudi, Narjang alisimama, akautazama ukingo wake uliochongwa wima, udongo mwekundu ukitoa maji kama kidonda.

"Mke wangu alifia njiani," alisema, bila kumtazama Dilsara. "Mimi nilitaka tu isiwe tena."

"Najua, Mjomba."

Ofisi ya misitu ilipopigiwa simu, bwana aliyepokea alisikiliza kwa adabu. Alisema mlinganyo wa Dilsara ni wa mbao, si wa ardhi, na mambo ya ardhi yana ofisi yake nyingine. Aandike taarifa. Watu watapanda kuja kuangalia mvua zikikatika.

*

Mkutano ulifanyika uani kwa Narjang, chini ya turubai. Dilsara aliwaeleza kadiri alivyoweza, akawaomba wahame mpaka mvua zikatike. Aliwaonyesha vile vijiti, vikapita mkono kwa mkono, na watu wakavinusa na kuvigeuza.

Lalbir ndiye aliyeanza. Alikuwa amerudi kutoka Malesia na viatu vyeupe na ulimi mkali. "Dada, swali dogo tu. Hiyo hesabu yako ilitumwa kukisia mbao. Sasa imeanza kukisia vifo?"

Watu wakacheka kidogo, cheko la watu walioloa.

"Inakisia urefu wa miti," Dilsara alisema. "Ila imekosea mahali pamoja, na imekosea kwa namna moja. Hilo ndilo linalonitisha."

"Kwa hiyo tuhame kwa sababu wewe umekosea hesabu."

Hapo cheko likawa kubwa. Dilsara alihisi masikio yake yanawaka. Alikuwa na hofu mbili wakati ule na hakujua ipi kubwa. Moja ilikuwa kwamba hakukosea. Ya pili ilikuwa kwamba amekosea, na kwamba atakuwa mwanamke aliyewatoa watu nyumbani na vitoto mgongoni katikati ya mvua kwa ajili ya nukta.

Aliyelikata lile cheko ni shangazi yake Jasmati, dada mkubwa wa marehemu baba yake. Alikuwa mjane, magoti yamemwisha, na kuku wake walikuwa ndio watoto wake. Alisimama kwa kushika nguzo ya turubai.

"Mimi ndiye niliyemkata kitovu huyu," alisema. "Tangu utoto si mtu wa kusema ovyo. Akisema mlima unatembea, na mimi natembea. Lalbir, wewe una miguu mizuri na viatu vizuri. Utanibebea kuku."

Na ndivyo ilivyokuwa. Watu ambao wasingemfuata Dilsara walimfuata Jasmati. Palipochaguliwa ni shuleni, upande wa pili wa kijito, kwenye malisho ya wazi. Dilsara mwenyewe ndiye aliyepataja. Shule ilikuwa na paa la bati, vyumba vikubwa, na hapakuwa na msitu juu yake, majani mafupi tu ya mbuzi mpaka juu mlimani. Kwenye ramani yake mahali pale palikuwa peupe kabisa. Hapakuwa na nukta nyekundu hata moja.

*

Mvua haikunyamaza. Watu walilala kwenye mikeka kati ya madawati, walipika kwa zamu chungu kimoja kikubwa, ugali wa ulezi na mboga iliyochachushwa, na siku zilivyopita ndivyo manung'uniko yalivyokua. Nyati wa kufugwa walibaki nyumbani wakilia. Watu walivuka kijito kwenda kuwakatia majani, wakarudi wakisema nyumba zipo, msitu upo, paka yupo mlangoni anauliza mmetoroka nini.

Kila asubuhi Dilsara alipanda kuuangalia ufa. Alikuwa amechomeka vigingi kila upande wake na kuvifunga kamba, na kila asubuhi alikuta kamba imekaza zaidi kidogo. Kidogo tu. Alisimama pale akisikiliza misonobari inavyolia mizizini, mlio kama wa mtu anayegeuka kitandani, kisha alitelemka mbio bila kutaka kuonekana anakimbia.

"Leo vipi?" Lalbir alimuuliza kila akirudi, ameegemea mlango wa darasa. "Mlima umefika wapi? Umeshalipa nauli?"

Asubuhi moja Dilsara aliposukuma mlango ule ili atoke, haukufunguka. Jana yake ulifunguka vizuri. Aliusukuma kwa bega ukaachia kwa kishindo, na vumbi la chokaa likamwangukia nyweleni. Akainua macho. Juu ya fremu, ukutani, palikuwa na mstari mwembamba unaopanda kwa mshazari hadi kwenye bati.

Alisimama akiutazama mstari ule. Kuta za shule zina nyufa, alijiambia. Shule gani haina ufa.

Lakini alirudi ndani, akafungua kompyuta, akaitafuta shule kwenye ramani. Ilikuwa pale katikati ya weupe. Aliutazama weupe ule kama mtu anayemtazama jirani aliyekaa naye miaka akagundua hajawahi kumsikia akisema. Nukta zake zilikuwa miti. Mlima uliweza kumwambia habari zake pale tu palipo na mti wa kuinama. Kwenye malisho hapakuwa na mti tangu enzi za babu zake, mbuzi walikula kila chipukizi, na yeye hakuwahi kuzungusha utepe wala kuchomeka kekee pale. Mlinganyo haukusema malisho ni salama. Haukusema kitu chochote. Yeye ndiye aliyeusikia ule ukimya akadhani ni jibu. Na barabara, aliiona sasa kana kwamba imechorwa upya: ilipita chini ya msitu, ikavuka kijito, ikazunguka ikaukata mguu wa mlima chini ya shule pia, kwa tingatinga lilelile, mwaka uleule.

Aliiacha kompyuta wazi.

Alitoka akapanda nyuma ya shule. Chemchemi ya kunywea, ambayo ilitoa maji maangavu hata katika mvua kubwa, ilikuwa inatoka kama chai ya maziwa. Ukuta wa mawe wa zizi la mbuzi ulikuwa umebinuka tumbo. Na pale juu, malisho yanapoanza kusimama wima, majani yalikuwa yamechanika kama nguo kwenye mshono, na harufu iliyotoka pale ilikuwa ya udongo mbichi, harufu ya kaburi lililochimbwa sasa hivi.

Narjang alikuwa anakoka moto wa uji. Alimwangalia usoni akaacha kuni.

"Ni hapa," Dilsara alisema. "Mjomba, ni hapa pia. Labda hapa kabla ya kule."

Mzee alifumba macho kidogo. "Utawaambia nini?"

"Sijui."

"Watakula nyama yako."

"Na waile."

Akawaambia. Safari hii hakuna aliyecheka. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alianza kulia kwa hasira. Lalbir alivua kofia akajipangusa uso.

"Dada, ulisema hapa ndipo. Ulituleta kwa mkono wako."

"Nilisema hivyo."

"Na sasa?"

"Hapa sikupima kitu. Nilidhani hapana hatari kwa sababu sikuiona. Nimekosea, Lalbir. Twende kule kwenye kigongo cha mwamba, penye mnara wa mawe. Pale ni mwamba mtupu, nimepakanyaga."

Lalbir alimtazama muda, kisha akatazama mlango uliokataa kufunguka.  Akainama akamnyanyua mtoto wa kwanza aliyekuwa karibu naye.

Walianza kupanda kwa msururu, turubai vichwani, vyungu mgongoni, Narjang mbele akiwaonyesha pa kukanyaga. Manrupa alibeba mzigo wa bintiye na wake mwenyewe. Dilsara aliingia darasani kumchukua shangazi yake.

Jasmati alikuwa ameketi karibu na meko, shali mabegani, kuku wawili wamejikunyata chini ya sketi yake. Alikuwa na homa tangu jana yake. Magoti yalikuwa yamevimba.

"Shangazi, inuka. Tunaondoka."

"Nimesikia." Hakuinuka. "Mwanangu, ulisema kule nyumbani ni kubaya, nikakuamini. Ukasema hapa ni kuzuri, nikakuamini. Sasa huko juu. Wewe unajua, au?"

Dilsara alitaka kusema najua. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Sijui, Shangazi. Naogopa."

Jasmati alimtazama kwa makini, kisha akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei ya haki. "Basi hilo ni jambo la kweli. Nitakuja. Lakini miguu hii haipandi leo, na wewe huniwezi. Watangulize watoto. Yule mwenye viatu vyeupe arudi na kapu anibebe."

"Nitakubeba mimi."

"Utanibwaga tufe wote wawili. Nenda, una kichwa kigumu kama baba yako. Kaniitie Lalbir."

Alimwinamia, akamfunga shali vizuri shingoni. Mikono ya shangazi yake ilikuwa ya moto. Kisha alitoka mbio mvuani kumfuata Lalbir.

Alimpata karibu na mwamba. Lalbir hakungoja amalize kueleza. Aliwaweka watoto chini, akanyakua kapu la kubebea kuni, akavuta kamba yake kwenye paji la uso na kuanza kutelemka kwa hatua ndefu, viatu vyeupe vikiteleza kwenye matope. Dilsara alimfuata nyuma. Walikuwa katikati ya njia pale Lalbir aliposimama ghafla akanyoosha mkono kumzuia.

"Sikiliza," alisema.

Hapakuwa na cha kusikia. Kijito kilikuwa kimenyamaza. Muda wote wa mvua kilikuwa kikinguruma, na sasa kilikuwa kimenyamaza.

Kisha malisho yakaondoka. Hayakuporomoka kama Dilsara alivyozoea kusikia watu wakisimulia. Yaliondoka yote kwa pamoja, polepole mwanzoni, majani yakiwa juu yake mabichi, ukuta wa zizi ukienda umesimama, mbuzi mmoja amesimama ndani yake. Shule ilielea pamoja nayo. Mlingoti wa bendera ulikwenda wima, haukuinama hata kidogo, kama mtu anayesindikizwa. Ndipo sauti ikaja, na sauti ile haikuwa ya radi wala ya maji. Aliisikia kifuani na kwenye meno. Bati la paa lilikunjika mara moja kama karatasi, barabara ikapasuka chini yake, na vyote vikatumbukia korongoni, na vumbi likapanda ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

Lalbir alikuwa bado ameshika kapu. Alipiga hatua mbele, Dilsara akamkamata mkanda wa suruali kwa mikono miwili akakaa chini matopeni na uzito wake wote.

"Niachie. Bibi yumo mle. Niachie, dada."

Hakumwachia mpaka Narjang alipofika.

*

Jasmati hawakumpata. Siku za baadaye askari walikuja na majembe, wakachimba kwenye lile tope la korongoni, wakapata madawati, chungu kikubwa na kuku mmoja aliye hai, jambo ambalo hakuna aliyeweza kulieleza. Walichoma moto shali yake nyingine badala ya mwili, kando ya mto, na Dilsara akashika nafasi ya mtoto wa marehemu kwa kuwa hakuwa na mwingine.

Wapo waliomshukuru. Mama wa kile kitoto kichanga alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Wapo pia waliosema, si kwa kunong'ona, kwamba Jasmati angebaki nyumbani kwake angekuwa hai mpaka leo. Na hilo lilikuwa kweli, ndilo lililomtesa Dilsara. Kwa sababu msitu haukuanguka. Mvua zilikatika, jua la sikukuu ya Dasain likatoka, na misonobari ya mkanda ule ilikuwa imesimama palepale, imeinama kidogo kuelekea kijijini, kamba za vigingi vyake zimekatika.

Mabwana walikuja kutoka ofisi hii na ile, wakapima, wakaondoka. Mahema waliyokaa pale mwambani yalipasuka kwa upepo. Hatimaye watu walirudi nyumbani kwao kwa kuwa nyumba nyingine hawakuwa nayo, wakapita chini ya msitu bila kuongea kwa sauti, wakiwashika watoto mkono. Manrupa alifagia baraza lake, akakoka moto. Narjang aliifunga barabara kwa mawe kwa mikono yake mwenyewe, akaanza tena kulala kwenye veranda za ofisi za watu, safari hii akiomba kiwanja cha kuhamishia kijiji.

Dilsara hakurudi Pokhara mwaka ule. Alikwenda kila mahali palipokuwa peupe kwenye ramani yake, kwenye mashamba ya ngazi, kwenye makaburi, nyuma ya vyoo, akachomeka vigingi na kufunga kamba pasipo na mti wa kumwambia kitu. Lalbir alimbebea vigingi. Hakuwa anatania sana siku hizo.

Walipofika kwenye kigongo cha mwamba, penye mnara wa mawe, Lalbir alitua mzigo akaketi. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa bondeni, ingawa msimu ulikuwa umepita.

"Na hapa je, dada?" aliuliza. "Hapa pazuri, sivyo?"

Dilsara aliinama akaupapasa mwamba kwa kiganja, polepole, akifuata mahali palipopasuka kwa baridi za miaka mingi.

"Nipe nyundo," alisema. "Na vigingi viwili."

Lalbir alimtazama usoni, kisha akampa nyundo, akainuka pale alipokuwa ameketi.